MATUNZO YA MWILI NYUMA YA SINDANO ZA KUYEYUSHA MAFUTA

Asubuhi moja mama mumoja alikuja kwa dispanseri yetu. Alifunga kitambaa kizito kwa shingo, ingawa jua lilikuwa kali. Alikaa mwisho wa benchi, akawaacha watu wengine wapite mbele yake, hata akabaki peke yake. Muuguzi akamuuliza: «Mama, unaugua nini?» Akajibu: «Jino.» Muuguzi akamwambia afungue kinywa. Meno yake yote yalikuwa mazima. Basi muuguzi akafunga mulango, akaketi karibu naye, akanyamaza kidogo. Kisha mama mwenyewe akafungua kitambaa, akaanza kulia.

Chini ya kidevu palivimba sana, kama koo la chura anapolia usiku. Ngozi ilikuwa na alama nyeusi za damu, na pembeni rangi ya manjano. Siku tatu mbele ya hapo, katika nyumba moja ya urembo mujini, musichana mumoja alimupiga sindano nyingi ndogo chini ya kidevu. Alimwambia kwamba mafuta yatayeyuka na uso utakuwa kama wa kijana tena. Zaidi ya hayo hakumwambia neno. Hakumwambia kwamba atavimba, wala siku ngapi, wala afanye nini nyumbani. Usiku mama alipoona uvimbe unaongezeka, alizani anakufa. Hakumwambia mume wake. Hakuwaambia wamama wa kanisa, kwa maana yeye ni mumoja wa wale wanaofundisha wasichana, na mara nyingi aliwaonya juu ya kujipamba kupita kiasi.

Mama yule hakuwa katika hatari. Uvimbe wake ulikuwa ule wa kawaida wa dawa hii. Lakini nyuma yake tulipokea mwingine, aliyepigwa sindano za tumbo. Huyu alingoja majuma matano. Alinunua vidonge vya rangi mbili sokoni, akakatwa chanjo juu ya uvimbe, akapakwa majani. Alipofika kwetu alikuwa na matundu sita yanayotoa usaha, na matunzo yake yalichukua miezi mingi. Tunaandika somo hili kwa sababu ya hawa wawili. Wa kwanza aliogopa bure. Wa pili hakuogopa wakati ilipofaa kuogopa.

Dawa hii ni nini?

Wengi wanauliza kama ni uchawi wa Wazungu. Si uchawi. Mumekwisha kuona mama akichinja kuku, namna anavyoangalia sana asipasue kile kifuko cha kijani kilicho karibu na ini. Ndani yake ni nyongo. Mungu ameweka nyongo katika mwili wetu ili isaidie kuvunja mafuta ya chakula, kama vile sabuni inavyovunja mafuta ya sufuria. Katika nyongo ya mutu muna kitu kimoja ambacho wanganga wanakiita asidi deoksikoliki. Kiwandani wanatengeneza kitu hicho hicho na kukitia katika vichupa. Kikipigwa kwa sindano ndani ya mafuta yaliyo chini ya ngozi, kinapasua vile vijumba vidogo sana vinavyochunga mafuta. Mafuta yanamwagika, na mwili unaanza kazi ya kusafisha pahali pale, kama watu wanaofagia nyumba iliyobomoka. Kazi hiyo inachukua majuma mengi.

Basi sikieni neno hili vema, maana ni shina la yote yanayofuata: dawa hii haijui kuchagua. Inapasua mafuta, lakini ikiguswa na ngozi inapasua ngozi, ikiguswa na mushipa wa fahamu inaumiza mushipa, na nyama vile vile. Mwenye kupiga sindano ndiye anayepaswa kujua kina na pahali. Kama hajui, dawa haitamufundisha.

Katika inchi ya Brazil munganga wa ngozi, Patricia Rittes, aliandika katika mwaka 2001 habari za sindano za namna hii kwa mafuta ya chini ya macho. Siku zile watu walizani kwamba nguvu inatoka kwa dawa nyingine, fosfatidilikolini, iliyochanganywa ndani. Katika mwaka 2004 wanganga wa Marekani walionyesha kwamba kazi kubwa ya kupasua inafanywa na ile asidi ya nyongo. Kisha katika mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitoa ruhusa kwa dawa moja ya namna hiyo, yenye jina la Kybella, kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Haikuruhusiwa kwa tumbo, wala mapaja, wala mikono. Na hata kwa kidevu iliwekewa sheria: kila sindano ni sehemu ndogo sana (mililita 0,2), kutoka tundu moja hata lingine ni santimeta 1, matundu hayapiti 50 kwa siku moja, na kutoka mara moja hata mara nyingine mwezi mumoja mutimilifu upite. Mara zote zisipite 6.

Lakini vichupa vingi vinavyouzwa kwa njia ya telefone si dawa ile. Vina majina mengine, na mutu hawezi kujua kilicho ndani. Katika mwezi wa Oktoba 2023 serikali ya Marekani iliwaonya watu wake juu ya sindano hizo zisizo na ruhusa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wamepata makovu, vidonda vya kuoza, ngozi iliyoharibika na mafundo magumu yenye maumivu. Kama inchi yenye wanganga wengi namna ile ilipata taabu, sisi tuangalie zaidi.

Mambo ya kawaida, yasiyo ya kutia hofu

Wanganga walipojaribu dawa ya kidevu, waliandika yote yaliyowapata wagonjwa. Kati ya watu 100, watu 87 walivimba. Watu 72 walikuwa na alama za damu chini ya ngozi. Watu 70 walisikia maumivu. Watu 66 walikuwa na ganzi, maana yake ngozi haisikii ikiguswa. Watu 23 walisikia pahali pale pamekuwa pagumu. Wengine walikuwa na wekundu au kuwashwa.

Unaona basi kwamba yule asiyevimba ndiye wa ajabu, si yule anayevimba. Kidevu kitakuwa kikubwa zaidi kuliko mbele. Ni kitu cha kuchekesha na cha kusikitisha pamoja: mutu amelipa feza ili kidevu kipungue, na siku ya pili kinazidi. Uvimbe unaongezeka siku mbili za kwanza hata ya tatu, kisha unaanza kushuka polepole. Kwa wengi unakwisha katika juma la pili. Maumivu makali ni ya siku chache za mwanzo. Alama za damu zinageuka nyeusi, kijani, manjano, kisha zinapotea. Ganzi na ugumu vinakawia. Vinaweza kudumu majuma sita au zaidi. Usizani kwamba ugumu ule ni mafuta yaliyorudi, wala usikimbie kupigwa sindano nyingine kwa sababu yake.

Kazi ya nyumbani katika siku za kwanza

Neno la kwanza ni ubaridi. Chukua kitambaa safi, chovya katika maji baridi ya chungu, kamua, weka juu ya pahali palipovimba kwa dakika 10 au 15. Pumzika saa moja, fanya tena. Kama una barafu, uifunge ndani ya kitambaa. Usiiweke juu ya ngozi wazi, kwa maana ngozi yenye ganzi itaungua kwa baridi na hutasikia. Fanya hivi siku ya kwanza na ya pili. Usitumie kitambaa cha maji moto. Ninajua kwamba wamama zetu wakiona uvimbe wanatafuta maji moto mbele ya yote, na kwa magonjwa mengine ni vema, lakini hapa moto unaita damu na kuongeza uvimbe.

Kama sindano ni za kidevu, ulale na kichwa juu. Weka mito miwili, au nguo zilizokunjwa, usiku tatu au ine. Ukilala chini kabisa, asubuhi utaamka na uso umejaa.

Usikande pahali pale. Usikamue, hata kama unasikia donge chini ya kidole. Dawa bado ndani inafanya kazi, na ukiisukuma itakwenda pahali pasipofaa. Usipake dawa ya meno, wala majivu, wala majani yaliyopondwa, wala mafuta yenye manukato. Na chanjo hapana kabisa. Ninarudia: hapana kabisa. Ngozi iliyopigwa sindano ishirini ina milango ishirini. Wembe wa mufumu unafungua milango mingine mikubwa zaidi, na uchafu wote unaingia. Yule mugonjwa wa tumbo niliyetaja aliumia kwa chanjo kuliko kwa sindano.

Kuoga ni vema, lakini siku ya kwanza uache matundu yafungwe. Kesho yake osha kwa maji safi na sabuni, polepole, na mikono yako iwe imeoshwa mbele. Pangusa kwa kitambaa safi. Ile kanga uliyofunga siku tatu jikoni si kitambaa safi. Mama yule wa kwanza alificha kidevu chake chini ya kitambaa kizito usiku na muchana, na joto na jasho vilianza kuharibu ngozi yake. Kama unataka kufunika, tumia kitambaa chepesi cha pamba, ukibadilishe kila siku, usikaze.

Kwa maumivu, mutu muzima anaweza kumeza parasetamoli ya miligramu 500: vidonge viwili, kisha angoje saa sita mbele ya kumeza tena. Kutoka asubuhi hata asubuhi visipite vidonge 8. Mwenye ugonjwa wa ini, au aliyekonda sana, aulize kwanza. Angalia tena kwamba dawa nyingi za homa za sokoni zina parasetamoli ndani kwa jina lingine. Ukimeza mbili kwa mara moja, umezidisha bila kujua. Usimeze aspirini, kwa maana inafanya damu isigande na alama nyeusi zinaenea. Lakini kama munganga alikupa aspirini kila siku kwa ugonjwa wa moyo, usiache mwenyewe, njoo uulize. Vidonge vya kuua vijidudu havina kazi kwa uvimbe wa kawaida. Vinakula feza yako, na siku utakapovihitaji kweli havitakusaidia tena.

Sasa neno juu ya muzigo. Wamama wengi wa milima ya Kivu wanabeba kuni na muhogo mugongoni kwa kamba inayopita juu ya kipaji cha uso. Kamba ile inavuta shingo yote, na damu inajaa usoni. Mutu aliyepigwa sindano za kidevu asibebe namna hiyo kwa juma moja. Aliyepigwa za tumbo asitwange na asilime kwa siku zile zile. Najua kwamba si neno jepesi. Nani atakwenda shamba? Ni hapo siri inapoumiza: mama hawezi kuomba musaada kwa wakwe zake bila kusema sababu, na hivi anabeba muzigo pamoja na uvimbe wake. Wabwana wanaosoma hapa waelewe kwamba mke anayeomba pumziko la siku saba hana uvivu.

Ngozi isiyosikia

Watu wa hospitali za misioni wanajua ganzi kwa sababu ya ukoma. Muliona wagonjwa waliopoteza vidole, na mulifundishwa kwamba ukoma wenyewe haukula vidole vile. Mugonjwa aliungua au alijikata bila kusikia, na kidonda kikaoza. Ganzi ya sindano hizi si ukoma, na kwa watu karibu wote inakwisha. Lakini maadamu ipo, hatari ni ile ile. Mama anainama juu ya mbabula kupuliza makaa, na cheche inamuruka chini ya kidevu. Hasikii. Kesho yake anaona malengelenge na kusema: «Dawa imenioza.» Hapana, ni moto wa chakula cha jioni.

Basi kila jioni tazama pahali pale kwa kioo, au umwombe mutu wa nyumba atazame. Wanaume wanaonyoa ndevu waangalie wembe wao. Afazali kukata kwa makasi hata ngozi isikie tena. Na wajue pia kwamba nywele za ndevu zinaweza kuanguka pale palipopigwa sindano.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Kuna mambo yasiyongoja kesho. Kama koo linafunga, kama pumzi ni ngumu, kama midomo na ulimi vinavimba au mwili wote unatoka vipele vya kuwasha, uje saa ile ile, hata usiku, hata siku ya Mungu wakati wa ibada. Wabebaji waache wimbo katikati na kukubeba.

Kama kumeza ni kugumu kidogo, bila taabu ya pumzi, jambo hili lilipata watu 2 kati ya 100 katika majaribio, na kwa wengi lilikwisha kwa siku chache. Ule uji na chakula chororo, lakini njoo tukutazame.

Kama ngozi inageuka nyeupe kama karatasi au rangi ya zambarau, na maumivu ni makali sana, uje siku ile ile. Maana yake damu haifiki pale. Nyuma yake ngozi inakuwa nyeusi na kufa, na kidonda kinafunguka. Kidonda namna hiyo kinatunzwa kwa kuoshwa na kufungwa kwa kitambaa safi siku nyingi, na kovu litabaki. Lakini kovu la mutu aliyekuja mapema ni dogo.

Kama unacheka na kinywa kinakwenda upande mumoja, mushipa wa fahamu wa taya umeumia. Katika majaribio jambo hili liliwapata watu 4 kati ya 100. Linaogopesha sana, kwa maana watu wanasema ni ugonjwa wa kupooza au kwamba mutu amelogwa. Kwa watu wale wote wa majaribio kinywa kilirudi sawa. Nusu yao walipona mbele ya siku 44, na mumoja alikawia karibu siku 300. Hakuna dawa ya kuharakisha. Lakini usijitambue mwenyewe, kwa maana kupooza kwa kweli kunaanza pia kwa kinywa kilichopinda. Kama mukono au muguu umelegea pamoja na kinywa, au maneno hayatoki sawa, huo ni ugonjwa wa kichwa, na kila saa ni ya samani.

Homa, baridi ya kutetemeka, wekundu unaoenea kila siku, joto la ngozi, usaha, au maumivu yanayozidi nyuma ya siku ya tatu wakati yalipaswa kupungua: hizi ni alama za uchafu ulioingia. Chora musitari kwa kalamu pembeni ya wekundu. Kama kesho wekundu umepita musitari, usibishane na mutu, uje. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje hata musitari. Na aliyepigwa sindano za tumbo akisikia tumbo gumu kama ubao, na kutapika, akimbie, kwa maana labda sindano ilipita mafuta na kuingia ndani.

Mafundo yanayokuja nyuma

Kuna vijidudu vingine vinavyokaa majini na udongoni, jamaa ya vile vya kifua kikuu, lakini si kifua kikuu chenyewe. Vinaingia mwilini kwa sindano iliyochovywa katika maji yasiyochemshwa, au kwa dawa iliyochanganywa pahali pachafu. Havina haraka. Mutu anapona uvimbe wa kwanza, anashukuru, na nyuma ya majuma matatu, ine, hata miezi, anaona fundo jekundu lenye rangi ya zambarau pale pale palipopigwa sindano. Linakua, linapasuka, linatoa maji-maji, halipoi. Katika mwaka 2005 jambo la namna hii lilionekana karibu na Washington, katika Marekani, kwa watu waliopigwa sindano za urembo na mutu asiye na ruhusa ya kazi ya munganga.

Penisilini haiponyi mafundo hayo. Vidonge vya rangi mbili vya sokoni haviponyi. Yanahitaji kuchukuliwa usaha na kupimwa, kisha dawa mbili au tatu pamoja kwa miezi mingi. Kwa hiyo usipoteze majuma kwa kujaribu dawa hii na ile. Unapokuja, sema wazi: «Nilipigwa sindano pahali hapa, mwezi fulani.» Usiposema, hata munganga mwema atazani ni jipu la kawaida, atakupa dawa ya jipu, na utarudi vilevile.

Damu ya mutu mwingine

Uliza nafsi yako: sindano ilitolewa mbele yako katika karatasi yake isiyofunguliwa? Au ilikuwa juu ya meza, na mama mwingine alitoka katika chumba mbele yako? Kama hujui, au kama unajua kwamba ilitumiwa kwa mutu mwingine, usingoje uvimbe. Kuna dawa za kuzuia ugonjwa wa SIDA zinazotolewa kwa mutu aliyepata hatari namna hiyo, lakini zinapaswa kuanzwa mbele ya saa 72 kupita, na afazali siku ya kwanza. Zinamezwa siku 28. Nyuma ya siku tatu hazina faida tena. Tutapima damu pia kwa ajili ya ugonjwa wa ini wa namna B na C, na tutarudia kupima SIDA nyuma ya miezi mitatu. Leta karti ya chanjo ya pepopunda kama unayo. Wamama wengi waliipata wakati wa mimba na wamesahau. Mwenye mimba au mwenye kunyonyesha ambaye alipigwa sindano hizi atuambie, hata kama hana maumivu.

Si kila shingo nene ina mafuta

Jambo hili linanitia hofu kuliko mengine. Musichana wa nyumba ya urembo anaona uvimbe kwa shingo, anasema ni mafuta, anapiga sindano. Lakini sisi tunaishi katika inchi ya rovu. Wanganga waliokwenda kisiwa cha Idjwi, katika ziwa la Kivu, waliona huko watu wengi sana wenye rovu, hata jina la kisiwa hicho linajulikana katika vitabu vya wanganga wa dunia yote. Rovu linatokea pahali ambapo chakula na maji havina iyodi ya kutosha, na muhogo usiolowekwa vema unaongeza taabu. Chumvi yenye iyodi ndiyo dawa ya kulizuia. Rovu si mafuta. Lina mishipa mingi ya damu, na mutu akilichoma kwa dawa ya kupasua, anacheza na maisha.

Tena kuna tezi za shingo zinazovimba kwa kifua kikuu. Kuna tezi za mate. Kuna vivimbe vibaya. Vyote hivyo vinakaa karibu na kidevu. Kwa hiyo hata ile dawa yenye ruhusa, mupigaji anaagizwa kupima shingo kwanza na kutafuta mambo haya. Kama tayari ulipigwa sindano na uvimbe ulikuwa pale tangu miaka, au unapanda na kushuka unapomeza mate, usingoje kuona kama utayeyuka. Njoo tuushike kwa mikono yetu.

Na tuseme hili kwa kifupi kwa wale wanaotumaini kwamba sindano zitapunguza uzito wa mwili, au sukari, au damu ya nguvu. Hazitapunguza. Zinagusa kipande kidogo cha mafuta chini ya ngozi, na mengine yote yanabaki.

Ulizo la wazee wa kanisa

Mzee mumoja wa kanisa aliniuliza: «Dokta, unapowafundisha kutunza vidonda hivi, huwatii moyo wa kufanya upumbavu?» Nilimujibu kwamba mutu akianguka kutoka muti wa embe wa jirani, alikokwenda kuiba, tunafunga muguu wake kwanza. Hakufurahi sana kwa jibu langu. Labda ni haki yake. Mimi pia sipendi biashara hii, na nimeona feza ya karo ya watoto ikiisha katika vichupa vile. Lakini nimeona pia kwamba mama anayekemewa mbele ya watu haachi sindano. Anaacha kuja hospitali. Mambo yanayosemwa katika chumba cha munganga hayatoki humo. Hatumwandikii muchungaji, hatumwambii bwana. Wauguzi wetu wamefundishwa hivi, na yule anayevunja siri ya mugonjwa tunamwondoa kwa kazi.

Unapokuja, leta kichupa, au sanduku lake, hata kama ni tupu. Kama huna, leta picha yake katika telefone. Sema siku, na idadi ya matundu kama unakumbuka, na dawa zote ulizomeza au kupaka nyuma yake, majani pia. Usioshe majani kwanza ili kuficha, tutayaona tu.

Yule mama wa kitambaa alikuja kwetu mara ine. Siku ya tano tulimubadilishia kitambaa. Siku ya kumi na mbili uvimbe ulikuwa umeshuka, na alama za damu zilibaki manjano kidogo. Katika juma la tatu alimwambia mume wake mwenyewe, hatukumuuliza ilikuwaje. Mwezi wa pili alirudi kwa kazi yake kwa wasichana. Anasema kwamba nzi akitua chini ya kidevu bado hamusikii vema, na kila jioni, akiisha kupika, mutoto wake wa kike anamutazama kwa taa.